Nyuzijoto Saba

Bellevue, Johannesburg
14 Machi 2016

Ndugu Gustave,

Hatujaonana, lakini nadhani kaka yako Ruphin amekwisha kukutajia jina langu. Mimi ni Kathambi, Mkenya, mtafiti wa chakula katika chuo kikuu kimoja hapa Johannesburg. Nilimjua Ruphin mwaka jana nilipompelekea mizani ya maabara iliyogoma. Alinisikiliza nikieleza kwa Kiingereza, kisha akasema, "Dada, hii mizani tuiongelee kwa Kiswahili, itapona haraka." Ikapona. Tangu hapo nikipita Jeppestown siwezi kukosa kuingia karakanani kwake.

Nina ombo la kukuomba, au niseme ombi, maana kalamu yangu ina haraka. Kwa miaka minne nimetafuta njia rahisi ya kuondoa sumu inayobaki katika unga wa muhogo mchungu. Wewe umewaona watoto ambao miguu yao imekakamaa kwa sumu hiyo wasitembee tena. Mimi nimewaona kwenye picha tu. Njia yenyewe ni hii: mama analowesha unga, anautandaza kwenye sinia kivulini, anauacha. Sumu inageuka hewa na kwenda zake. Mwaka jana nilichapisha katika jarida kwamba saa mbili zinatosha, palipo na joto la nyuzi thelathini.

Ruphin ananiambia rafiki yenu Mamie, yule muuguzi, anataka kuwafundisha njia hii akina mama wa vijiji anavyovihudumia. Kabla hajaanza, ningependa mtu mwingine apime nilichopima, kwa mikono yake na kwa unga wa huko. Kwenye mfuko utakuta karatasi za manjano; zikikutana na sumu zinageuka kahawia, na kadiri ya ukahawia ndiyo kadiri ya sumu. Ukipata kama nilivyopata, niambie. Ukipata tofauti, niambie vilevile.

Mfuko analeta Alexis, yule anayeuza nguo na kupanda basi la Lubumbashi kila mwezi.

Wako,
Kathambi


Lubumbashi
2 Mei 2016

Daktari Kathambi mheshimiwa,

Karatasi zimefika, hazikulowa, Alexis alizibeba ndani ya koti lake. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mtandao wetu una siku zake, na pia kwa sababu kwa kalamu nafikiri vizuri zaidi.

Labo yetu ni chumba kimoja cha hospitali. Tuna mizani, tuna kipimajoto cha zebaki alichoniachia mwalimu wangu alipostaafu, tuna umeme unaokuja unapotaka. Sikutegemea hata siku moja kwamba mtu aliyeandika katika jarida ataniomba mimi nihakikishe kazi yake. Nilimsomea mke wangu barua yako mara mbili.

Nilifanya kivulini, saa mbili, kama ulivyoandika. Unga ulianza na miligramu sitini za sumu kwa kilo. Baadaye nilipata tisa, nane, kumi, na tisa tena. Kwa kuwa mwisho wa usalama ni kumi, uko sawa kabisa. Nimemwambia Mamie. Amefurahi sana, anajiandaa kwenda vijijini.

Ninakushukuru kwa heshima uliyonipa.

Gustave


Bellevue, Johannesburg
20 Mei 2016

Ndugu Gustave,

Umenipa usingizi mzuri. Namba zako nne nimezibandika ukutani juu ya meza. Profesa wangu alipoziona alisema sasa tunaweza kuomba fedha za miaka mitatu zaidi, na ombi limeshatumwa, na jina lako limo.

Asante sana. Msalimie Mamie, umwambie kila la heri.

Kathambi


Lubumbashi
9 Septemba 2016

Daktari Kathambi,

Barua hii nimeiandika mara tatu na kuichana. Hii ya nne itakufikia hata kama ni mbaya.

Sikufanya majaribio manne. Nilifanya kumi na mawili. Manane ya kwanza yalikuwa kivulini kweli, kwa nyuzi thelathini, na baada ya saa mbili nilipata thelathini na moja, ishirini na saba, thelathini na nne, hivyo hivyo. Hakuna hata moja lililokaribia kumi. Nilijiambia: Gustave, wewe ni mtu wa chumba kimoja, yule ni daktari wa chuo kikuu, nani kakosea? Nikaona aibu. Nikatoa sinia nje juani, na huko ndiko nilikopata tisa, nane, kumi, na tisa tena. Nikakuandikia kwamba ilikuwa kivulini.

Mwezi wa saba Mamie alikwenda vijijini. Alipotuma habari kwamba amekwisha kufundisha kijiji cha kwanza, familia kumi na moja, sikuweza kula. Niliomba ruhusa kazini nikamfuata. Ni mwendo wa siku mbili, lori na pikipiki. Nilimkuta anapima watoto uzito chini ya paa la shule. Nilimwambia palepale kwa sababu niliogopa nikikaa chini sitasema.

Akaniuliza, "Kwa hiyo unga wanaokula sasa una sumu?"

"Wakiuweka kivulini kwa saa mbili tu, ndiyo. Kwa vipimo vyangu."

"Na vipimo vyako ulivificha."

"Nilivificha."

Hakunigombeza. Alisema tu, "Hawa akina mama waliniamini mimi, Gustave. Wewe hawakujui." Kisha akawaita, akanisimamisha mbele yao niseme mwenyewe. Nikasema. Mama mmoja aliuliza wafanye nini sasa. Nikawaambia warudie kuloweka muhogo siku nyingi mtoni kama zamani, na unga wasiule mpaka nitakapokuwa na uhakika. Tulipita nyumba kwa nyumba. Hakuna mtoto aliyekuwa amepata shida, Mungu asifiwe, lakini msimu wa kiangazi haujaisha.

Kama kosa liko kwenye mikono yangu, nitalibeba. Lakini lile nililoliona nimeliona mara nane.

Gustave


Johannesburg
23 Septemba 2016

Bwana Gustave,

Nimepokea barua yako. Sitaficha kwamba imeniumiza. Namba ulizonipa mwanzoni nimezitumia katika ombi la fedha, na sasa itanibidi nieleze.

Majaribio yangu yalikuwa arobaini, katika kabati la joto lenye kioo kinachoonyesha nyuzi kwa namba. Wewe unatumia kipimajoto cha mzee aliyestaafu. Nitumie hicho kipimajoto kwa Alexis. Tukianza na chombo, tutajua mengine.

Kathambi


Johannesburg
18 Oktoba 2016

Bwana Gustave,

Kipimajoto kimefika. Nimekitumbukiza katika maji yanayochemka maabara, nikasoma tisini na nne na nusu badala ya mia. Kimekosea kwa nyuzi tano na nusu. Nadhani jibu tunalo. Nitakiacha kwa Ruphin akirudishe kwako, nawe uombe hospitali ikununulie kingine.

Kathambi


Jeppestown, Johannesburg
21 Oktoba 2016

Mdogo wangu Gustave,

Mimi huwa siandiki, unajua, simu inanitosha. Lakini haya nataka uyashike mkononi.

Dada Kathambi alikuja Jumatano kuacha kipimajoto chako. Alikuwa amechoka, nikamwona usoni. Akaniambia kimekosea, maji yanachemka kinasoma tisini na nne na nusu. Nikamwuliza, "Umechemshia wapi?" Akasema, "Maabara, wapi tena?" Nikamwambia, "Dada, huu mji uko juu. Maharage ya mke wangu yanachukua nusu siku kuiva hapa. Maji ya Johannesburg hayajawahi kufika mia tangu mji ujengwe."

Akaketi kwenye kile kiti changu kibovu, akajifunika uso. Akasema, "Eish, Ruphin. Hili nawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza."

Sikutaka kumwacha hivyo. Nikaenda spaza, kile kiduka cha pembeni, kununua barafu, nikaiponda kwa nyundo, nikaichanganya na maji kidogo ya kuchemshwa ndani ya chupa ya chai, maana barafu inayoyeyuka ni sifuri hapa, ni sifuri Lubumbashi, ni sifuri kwa tajiri na maskini. Tukatia kipimajoto chako, tukangoja dakika kumi bila kukigusa. Alisoma yeye. Sifuri. Tukatoa, tukarudisha, sifuri tena. Mara ya tatu nikasoma mimi bila kumwambia, nikaandika pembeni, kisha akasoma yeye. Sawasawa.

Hatukuridhika na barafu tu. Jana tulikwenda wote kwa yule mzee wa hapa mtaani anayekagua vyombo vya viwanda. Ana kipimajoto chenye cheti. Kwa nyuzi thelathini chako kimepishana na chake kwa sehemu moja ya kumi. Mwalimu wako alikuachia kitu cha maana.

Aliondoka nacho leo asubuhi. Hakuniambia anakipeleka wapi. Nilijua.

Kaka yako mkubwa, yaya wako,
Ruphin


Bellevue, Johannesburg
2 Novemba 2016

Ndugu yangu Gustave,

Nianze na lile ninalolijua sasa. Ijumaa niliweka kipimajoto chako ndani ya kabati langu, katikati, pale nilipokuwa nikiweka sinia. Kioo cha mlangoni kilisema thelathini. Kipimajoto chako kilisema thelathini na saba. Niliacha siku nzima, nikisoma kila saa. Usiku umeme ulikatwa, Jumamosi nikaanza upya. Thelathini na saba.

Maabara yetu ilihamishiwa ghorofa ya juu miaka mitano iliyopita. Waliohamisha walikivuta kile kidude kinachohisi joto mpaka kikakaa karibu na mlango, penye ubaridi. Kabati likawa linahisi baridi, linazidisha moto, huku likiandika thelathini. Kibandiko cha ukaguzi kilichobandikwa ubavuni ni cha mwaka 2011. Nimekiona kila siku kwa miaka minne. Arobaini yangu yote yalikubaliana kwa sababu yote yalikosea pamoja. Kabati lilikuwa likirudia kosa lilelile kwa uaminifu, nami nikauita uhakika.

Sasa lile linaloniumiza zaidi. Nilisoma tisini na nne na nusu nikafurahi, Gustave. Nilikuwa natafuta kosa lako, nikaliona hata ambapo halikuwapo. Na hata kama kipimajoto chako kingekuwa kinasoma pungufu, unga wako ungekuwa umepata joto zaidi ya ulivyoandika, na sumu ingetoka mapema, si kwa kuchelewa. Sikufikiri hata hilo. Wewe ulificha namba zako kwa kuniheshimu. Mimi nilizikataa zako kwa kujiheshimu. Sijui lipi ni baya, ila najua lako ulilifuata siku mbili kwa lori na pikipiki ili ulitengeneze.

Asante kwa barua ya nne. Asante kwa kutoichana.

Namwandikia Mamie leo hii, na mhariri wa jarida kesho.

Kathambi


Lubumbashi
30 Novemba 2016

Dada Kathambi,

Nimeacha Daktari, uniwie radhi, sasa naona tunaweza kuitana ndugu.

Nilipofika kwenye thelathini na saba nilisimama, nikatoka nje ya labo. Miezi hii yote nilikuwa naamini kuna kitu sioni, labda macho yangu hayatofautishi manjano na kahawia. Nimeanza kulala.

Lakini nami nina langu. Nisingeficha yale manane, ungelijua kabati lako mwezi wa tano, na Mamie asingekwenda kijiji kile. Uliniandikia wazi: ukipata tofauti, niambie vilevile. Nilisoma maneno hayo nikadhani ni adabu tu, kama mtu anavyosema karibu chakula. Kumbe ulikuwa unamaanisha.

Tuanze tena, ukipenda. Yale manne ya juani si takataka. Ni ya kweli, ila niliyaandika kwa jina lisilo lake.

Gustave


Bellevue, Johannesburg
16 Juni 2017

Ndugu Gustave,

Jarida limechapisha tamko langu: matokeo yale yaondolewe, na sababu yake. Profesa hakupenda. Aliniambia, "Ni nyuzi saba tu. Andika makala mpya, ya zamani itasahaulika yenyewe." Nikamwambia kuna familia kumi na moja ambazo hazina nafasi ya kusahau. Fedha za miaka mitatu hatukupata. Mkataba wangu unaisha Desemba na hautaongezwa. Nimepata kufundisha kemia katika shule ya sekondari, na idara nyingine imenipa kona ya meza jioni na Jumamosi. Usinihurumie. Jana nilipika, nikaimba, mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Sasa kazi. Kila jaribio tuandike nani kapima, kwa chombo gani, kilikaguliwa lini na kwa kulinganishwa na nini. Joto lisomwe pale unga ulipo, si mlangoni. Unene wa unga upimwe kwa rula. Katika makala yangu niliandika "tabaka jembamba", kana kwamba wembamba wa Johannesburg na wa Lubumbashi ni mmoja. Na kila namba ibaki, hata ile inayotukasirisha.

Jambo moja zaidi, wazo la Ruphin. Yeye ataugawa unga katika mifuko yenye namba tupu, mingine imeshatolewa sumu, mingine bado, na orodha ataifungia karakanani. Wewe utapima bila kujua, mimi vilevile, na pia Khatibu, mtafiti wa Morogoro ambaye hatumjui wala hatudaiwi heshima naye. Ruphin anasema, "Msipojua mnachotakiwa kupata, mtapata kilichopo."

Kathambi


Lubumbashi
11 Agosti 2018

Dada Kathambi,

Yaya Ruphin alinipigia simu jana baada ya kufungua orodha, akanisomea namba moja moja kwa sauti ya padri. Nimeziandika zote ila nataka nikuandikie kama vile hujazijua, kwa furaha yangu mwenyewe.

Mifuko sitini. Watu watatu, nchi tatu. Katika hamsini na sita tumepishana kwa miligramu mbili au chini ya hapo. Minne iliyobaki yote ni yangu, ya siku ile mizani ilipokaa kwenye meza iliyoinama. Nilikuwa nimeiandika siku hiyohiyo kwenye daftari, kabla ya kujua. Sikuifuta. Mkono ulitaka kuifuta, dada, nisikudanganye.

Kivulini, nyuzi thelathini: saa tano. Juani, saa mbili. Unga usizidi unene wa ukucha wa kidole kidogo. Ukizidi, sumu ya chini haitoki. Mamie ameshapewa. Aliuliza swali moja: "Mara hii umeficha nini?" Nikamwonyesha daftari lote, na ile minne. Akazisoma kurasa zote akiwa amesimama. Kisha akasema, "Haya, twende."

Nakushukuru, na namshukuru yule aliyelivuta lile dude la kabati mpaka mlangoni, maana bila yeye tusingejuana hivi.

Gustave


Kituo cha afya, kijijini
5 Mei 2019

Mama Kathambi,

Ni mimi Mamie, muuguzi. Gustave ndiye anayekuandikia siku zote, leo nimemwomba nafasi.

Nilikukasirikia mwaka mzima. Barua yako ya kuniomba radhi niliiweka ndani ya Biblia bila kuijibu, kwa sababu sikutaka kujibu kwa hasira, na hasira haikuisha upesi. Unielewe. Wewe na Gustave mlikosea kwenye karatasi. Mimi nilikosea kwa mdomo wangu, mbele ya watu wanaonijua.

Tulianza tena Septemba. Vijiji vinne. Kila nyumba ina kijiti kilichokatwa unene wa ukucha, mama anakichomeka kwenye unga. Kikizama, ni mnene, anautandaza zaidi. Mwanzoni wachache walikubali. Wale wa kijiji cha kwanza ndio waliokubali kwanza, nami nilidhani wangekuwa wa mwisho. Nikamwuliza mama Victoire, ambaye ni mkubwa wao, kwa nini. Akasema, "Waliotuletea habari mbaya yao wenyewe, wakija na nzuri tutawasikiliza."

Tangu Septemba sijapokea mtoto mpya wa miguu kukakamaa katika vijiji hivyo vinne. Msimu uliopita walikuwa watano. Lakini nimejifunza kwenu, kwa hiyo nasema yote: mvua ilikuwa njema, watu walikula na mahindi pia, na msimu mmoja ni mchache. Nitahesabu tena mwakani, na wa baada yake.

Jumapili niliwasomea makala yenu mpya, nikiitafsiri polepole. Nilipofika mahali mlipoandika kosa la kwanza na nani alilifanya, mama Victoire alinikatiza, "Huyo Kathambi ni mtu wa kweli au ni jina tu?" Nikamwambia ni mtu, yuko Johannesburg, anafundisha watoto kemia. Wakazungumza wao kwa wao. Kisha akasema, "Mwambie aje ale."

Hivyo nakuambia. Ni bukari, yaani ugali wa muhogo, unga wa hapa, na sombe ya majani yake. Wanangoja jibu.

Asante, mama. Nimechelewa kulisema, lakini ni la kweli.

Mamie


Bellevue, Johannesburg
24 Mei 2019

Mama Mamie,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama karakanani kwa Ruphin, kwa sauti, kwa sababu aliniomba. Nilipomaliza, akawasha redio.

Shule inafunga mwezi wa sita. Nimekata tiketi ya basi tarehe kumi na tano, Ruphin naye anakuja, Gustave atatungoja Lubumbashi tupande lori pamoja. Nimekula unga wa muhogo kwenye vijiko vya maabara kwa miaka saba, chembe chembe, kujua ladha yake. Shibe yake siijui.

Mwambie mama Victoire ninakuja, na nitakula watakachonipakulia.

Kathambi